Liacheni Lilale

(Niliyasema maneno haya, juu ya ua moja la porini, Jumamosi iliyopita chini ya mwembe wa kikundi chetu, huku Luchelele, Mwanza. Wengine hamkufika kwa sababu ya msiba, mkaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka. Yale matunguu niliyopitisha mkono kwa mkono siwezi kuyapitisha hapa, kwa hiyo nimeyaeleza.)

Mwangaluka!

Hapana, hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa uji. Mwangaluka!

Haya, sasa nimewasikia. Mwenyekiti wetu, mweka hazina wetu mwenye sanduku la kufuli tatu, akina mama wenzangu, baba zetu wawili mliosema mmewasindikiza tu wake zenu halafu mkakaa mstari wa mbele, vijana wangu wa kitaluni, na nyinyi wajukuu mliopanda juu ya jiwe: nawasalimu wote. Wajukuu, mtashuka nitakapowaita. Nina kazi na nyinyi.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, kwa hiyo nikiuliza swali nasubiri mkono unyooke. Swali la kwanza: nani hapa amewahi kung'oa ua akalitupa jalalani kwa sababu aliamini limekufa?

Mmoja tu? Wengine je? Ahaa, mikono sasa inapanda kama bei ya dagaa.

Swali la pili: kati yenu, nani alikuwa na hakika kwamba limekufa?

Naona mikono imeshuka. Basi tuanzie hapo.

Nimekuja kuzungumzia ua moja tu. Mnalijua. Kila aliyechunga mbuzi kwenye vilima vyetu analijua, hata kama hakuwahi kuambiwa jina lake. Linaota kwenye nyasi ndefu na vichaka, kandokando ya miamba, mvua zikishakolea. Shina lake jembamba kama kalamu, halina nguvu ya kusimama peke yake. Sasa tazameni ujanja wake. Ncha ya kila jani imerefuka ikawa uzi, na uzi ule unajiviringisha kwenye chochote unachogusa, iwe bua la nyasi, iwe kijiti cha mwiba. Mmea mzima unapanda kwa kucha za majani yake. Huko juu linatoka tumba la kijani, limeinamisha kichwa kama binti anayeamkia wakwe. Likifunguka, petali zake 6 hazishuki. Zinapinduka kwenda juu, kingo zimekunjamana mawimbi mawimbi, kwenye shina manjano, kwenye ncha nyekundu. Ukiliona jioni, jua linazama upande wa ziwa, unadhani mchungaji kaacha moto nyasini. Stameni zake 6, vile vijiti vya kiume vyenye chavua, zimetawanyika kama spoki za baiskeli, na kile kijiti cha kike kinachopokea chavua kimejipinda pembeni kabisa, kama kiwiko cha mtu anayepenya kwenye daladala.

Wataalamu wanaliita Gloriosa superba. Jina hilo liko vitabuni tangu 1753, alipoliandika Linnaeus, yule Mswidi aliyejipa kazi ya kuvipa majina viumbe vyote vya dunia. Ni Kilatini: neno la kwanza ni lenye utukufu, la pili ni lenye maringo. Zimbabwe ndilo ua lao la taifa. Mwaka 1947 Elizabeth wa Uingereza, kabla hajawa malkia, alipozuru Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, alizawadiwa pambo la kifuani la almasi lililochongwa kwa umbo la ua hili. Sisi tunalikanyaga tukiswaga ng'ombe. Mimi naliita ua la moto, na leo tuliite hivyo.

Sasa, jambo la kwanza. Ua hili linajua kulala. Sisi ndio hatujui kuliacha lilale.

Babu yangu mzaa baba, kule Kwimba, alikuwa na ngitili. Vijana, mnajua ngitili? Wawili wanatikisa kichwa. Wazee wenu wana deni. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, hukati nyasi, huchomi. Nyasi zinakua, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, Agosti na Septemba, wakati kwingine kote ni vumbi, ndipo inafunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, na ng'ombe wanaokamuliwa, na maksai watakaovuta jembe. Hakuna mtu aliyepanda ngitili. Ngitili inaachwa. Na msidhani ni ushamba wa zamani. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule wa HASHI, kurudisha miti na malisho kwenye ardhi iliyokwisha kuwa kipara, njia iliyokuja kufanya kazi sana ni hiyo hiyo ya kina babu: funga, ondoka, subiri.

Ua la moto nililiona mara ya kwanza ndani ya ngitili ile. Nilikuwa na miaka 8 hivi. Nikamwuliza babu, nani kalipanda? Akasema, "Hatukulipanda. Tuliwafungia ng'ombe nje, nalo likabaki."

Nimelima maua tangu nistaafu, nimehudhuria mafunzo, nimesoma vijitabu. Sijapata fundisho linalolizidi hilo.

Kwa sababu tazameni linavyoishi. Chini ya udongo kuna tunguu. Mniwie radhi, sitasema kiazi. Neno kiazi nimelipiga marufuku nyumbani kwangu kwa mmea huu, na baadaye mtajua kwa nini. Tunguu. Mvua za Oktoba na Novemba zikigonga, tunguu linachipua. Linapanda, linachanua, linafunga mbegu. Na wakati wewe unashangilia maua juu, chini linatengeneza tunguu jipya la mwaka ujao, na lile la zamani linanyauka na kwisha. Kila mwaka linajizaa upya gizani. Mei mvua zinakatika. Majani yanakuwa manjano, shina linalegea, linalala chini. Ikifika Juni huoni kitu. Hakuna jani, hakuna kisiki, hakuna dalili.

Limekufa? Nawauliza, limekufa?

Hayo ndiyo majibu ninayoyataka.

Miaka kadhaa iliyopita shule moja, sitaitaja, iliniomba niwapandie maua mbele ya ofisi. Nikawapandia matunguu 12 ya ua la moto kwenye kitanda kizuri chenye ukingo wa sementi. Mwaka huo yalichanua hadi wageni wakawa wanapigia picha pale. Mei yakakauka, kama kawaida yake. Nikamwambia mlinzi, mzee mmoja mpole sana, "Mzee wangu, sasa basi, usilimwagilie." Akaitika, "Ndiyo, mwalimu." Nikaenda zangu.

Septemba ananipigia simu. "Mwalimu, mbona hayaamki?"

Nikaenda nikachimba kwa mkono. Tunguu la kwanza likapasukia kati ya vidole vyangu kama ndizi iliyooza, na harufu yake. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Kumi na moja yote uji. La 12 lilikuwa kwenye kona, chini ya ukingo wa sementi, mahali ambapo mpira wa maji haukufika. Hilo lilikuwa gumu, kavu, limejaa afya. Nikamtazama mlinzi. Akavua kofia. Akaniambia, "Mwalimu, nilishindwa. Kila jioni nikipita hapa nalihurumia."

Nani atamlaumu mzee yule? Mimi simlaumu. Kila mmoja wetu hapa ana kopo la maji mkononi. Tunayaua kwa huruma! Tunamwaga maji Julai kwa sababu sisi tuna kiu.

Kwa hiyo shikeni hili. Majani yakianza manjano, acha maji. Usikate shina likiwa bado bichi, kwa sababu hapo ndipo linashusha chakula chini. Likikauka lenyewe, livute, litatoka bila ubishi. Weka jiwe mahali lilipo ili usije ukapitisha jembe. Mawe Mwanza hatununui. Kama limo kwenye ndoo, liingize upenuni, ilaze ndoo ubavu, na usiiguse mpaka Oktoba. Mume wako akiuliza kwa nini umetunza ndoo ya udongo mtupu, mwambie ni ngitili.

Jambo la pili ni kulipanda. Hapa nitaenda haraka, ila kuna mahali nitasimama.

Haya, pitisheni tunguu hili mkono kwa mkono, na mtakaolishika mtanawa kwenye ile ndoo pale kabla hamjagusa mandazi ya mwenyekiti. Mnaona lilivyo? Limegawanyika mikono miwili, kama herufi V, kama manati isiyo na mpini. Kwenye ncha ya kila mkono kuna jicho. Jicho moja. Pingili ya muhogo ina macho mengi, likifa hili linachipua lile. Hili halina jicho la akiba. Ukilivunja, mkono ule umekwisha.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda matunguu 6. Wiki mbili zikapita, kimya. Wiki ya tatu, kimya. Mimi na umri wangu huu, mwalimu niliyewaambia watoto wa darasa la tatu wasifukue maharage kwenye kopo, nikaenda alfajiri wakati hakuna anayeniona, nikafukua. Nikafukua kwa kijiko, taratibu, kwa mapenzi yote. Nikasikia kitu kimesema "tik". Lilikuwa chipukizi, limebakiza upana wa kidole kutokea nje, jeupe, laini kama ncha ya uyoga. Nimelikata kichwa. Nikafunika, nikaangalia huku na huku kama mwizi, nikaingia ndani. Mume wangu akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema kuangalia kuku.

Msifukue. Wiki tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Msifukue!

Mengine ni mepesi. Tunguu linalazwa, halisimamishwi, kina cha urefu wa kidole chako cha kati. Udongo wetu wa luseni, huu wa kichanga unaotokana na miamba, ndio linaoupenda, kwa sababu maji yanapita. Wenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata kwenye gumboots, msilipande chini kabisa, litazama. Inueni tuta hadi magotini, changanyeni mchanga. Samadi iwe ya mwaka jana, iliyooza hadi haina harufu. Ukitumia ndoo ya rangi ya lita 20, itoboe matundu 6 chini, na si mawili kama wengine wanavyofanya kwa kuogopa kuharibu ndoo. Ikifika Januari na Februari mvua zikipumzika, hapo mwagilia, kila baada ya siku mbili au tatu. Hapo tu.

Na lipewe kitu cha kushika. Nimeona mtu kalisimikia nguzo ya mkaratusi nene kama mkono wangu. Kucha zile za majani hazina urefu wa kuizunguka nguzo. Zinataka kitu chembamba. Matete ya ziwani ni mazuri. Lakini kizuri kuliko vyote, na hiki sikukisoma popote, ni wavu wa dagaa uliochakaa. Ufunge kwenye ukuta, uone. Linapanda jicho kwa jicho kama mtu anayepanda ngazi. Wavuvi wanatupa nyavu mwaloni kila siku, na takataka ile inanasa ndege. Ichukueni.

Jambo la tatu linaniuma, na nitalisema nikiwa nimesimama hivi hivi.

Mwaka ule ule nilipoanza, alikuja kijana na salfeti begani. Akalimimina mbele ya meza yangu. Matunguu ya ua la moto, mabichi, makubwa, mengine yana vipande vya shina. Yalikuwa zaidi ya 100. Nikamwuliza, umetoa wapi? Akaonyesha kilima kwa kidevu. Bei yake ilikuwa ya chini mno. Mnadhani nilimfukuza?

Nilinunua. Nilinunua yote, nikamwambia alete mengine.

Mwaka uliofuata, Desemba, nilipita njia ya kilima kile nikienda harusini. Ni kilima nilichokuwa nakipita miaka yote, na Desemba ua la moto lilikuwa likiwaka pale kati ya mawe. Safari hiyo nilikuta nyasi. Nyasi nzuri, za kijani, nimezitazama hadi wenzangu wakanipigia kelele tunachelewa. Pimbi mmoja alikuwa juu ya jiwe ananitazama. Sikuwa na la kumwambia.

Kule kisiwani Saanane, tangu pawe hifadhi ya taifa mwaka 2013, hakuna wa kupandisha salfeti. Lakini vilima vyetu hivi vya Luchelele, Nyegezi, Mkolani, nani mlinzi wake? Na sasa kila wiki jiwe linapasuliwa kokoto, kiwanja kinapimwa. Sisemi watu wasijenge. Na mimi nimejenga juu ya jiwe. Nasema: panapochimbwa msingi, wahi uokoe matunguu kwa ruhusa ya mwenye kiwanja. Pasipochimbwa, usiguse. Chukua mbegu.

Mbegu zipo nyingi. Ua likishanyauka linaacha ganda la kijani, refu kama kidole, lenye vyumba vitatu. Likikauka linapasuka lenyewe, na ndani zimepangwa mbegu nyekundu za mviringo, kama shanga. Ukiona ua linachanua na haliachi maganda, jiulize umewafanya nini vipepeo. Huko Afrika Kusini watafiti wamechunguza wakakuta kwamba vipepeo wanabeba chavua ya ua hili kwenye mabawa yao. Kwenye mabawa, jamani! Ndiyo maana stameni zimetawanyika vile, zimekaa mahali ambapo bawa litapiga. Kipepeo anakunywa asali, anapigapiga mabawa, anapakwa, anaenda kumpaka mwenzake. Wewe unapulizia dawa ya wadudu asubuhi na mapema, halafu unaniuliza mbona mbegu hakuna.

Loweka mbegu usiku kucha, zipande kwenye viriba vya mchanga na mboji, kina cha kucha ya kidole gumba, halafu usahau. Zinaota zinavyotaka zenyewe. Moja baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi mitatu, nyingine msimu unaofuata. Mwaka wa kwanza utaona kijani kidogo tu kama mahindi machanga, chini yake tunguu dogo kama harage. Linalala. Mwaka wa pili linarefuka, linalala tena. Mwaka wa tatu, ukijaaliwa, ua. Mtoto aliyeingia chekechea siku ulipopanda atakuwa darasa la pili. Ni muda mrefu? Nina miche ya kuuza, lakini hata nayo ilisubiriwa na mtu.

Wajukuu, shukeni sasa. Njooni hapa mbele, kaeni kwenye mkeka. Jambo la nne ni lenu na la mama zenu.

Mnakumbuka nilisema neno kiazi limepigwa marufuku kwangu? Sikilizeni. Nyumbani kwangu nyuma kuna jiwe pana, bapa, ndilo uwanja wetu wa kuanikia. Dagaa, mtama, mahindi, kila kitu. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, nilihamisha kitalu, nikachimba matunguu kama 40 nikayaosha nikayaanika juu ya jiwe lile yapate upepo. Upande wa pili mkwe wangu alikuwa ameanika michembe. Mnaijua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa, vyeupe, vimejikunja. Na tunguu la ua la moto likiisha kuoshwa lina rangi gani? Jeupe, lina ganda jepesi la kahawia. Refu, nene kama kidole, limejikunja.

Jioni wingu likafunga ghafla kutoka ziwani. Mkwe wangu akaita watoto, wakakusanya vyote haraka haraka kabla ya mvua. Kwenye ungo mmoja.

Mimi nilikuwa kikobani. Niliporudi saa moja usiku nikakuta sufuria ya maji inachemka jikoni na ungo uko kando, mkwe wangu anachagua kwa mwanga wa simu. Ameshika tunguu moja. Akaniambia, "Mama, hivi viazi vyako vya kitaluni navyo tuvitie humu?"

Viazi vyako. Mimi ndiye niliyeviita hivyo mbele yake siku zote. "Leta vile viazi. Funika vile viazi." Ningechelewa daladala moja tu!

Sikupiga kelele, miguu iliisha nguvu nikakaa kwenye kigoda. Tulimwaga vyote, michembe na matunguu, tukazika shimoni. Watoto walilia michembe yao.

Sumu ya ua hili inaitwa kolkisini. Iko kwenye mmea mzima, na kwenye tunguu na mbegu iko kwa wingi. Kuchemsha hakuiondoi. Aliyekula anaweza kukaa saa kadhaa bila kitu, ndipo anaanza kutapika na kuharisha vibaya, hata damu, halafu viungo vya ndani vinaanza kushindwa kazi. Anayepona huweza kunyonyoka nywele baada ya wiki moja au mbili. Dawa ya kuizima haipo, wauguzi wanamsaidia tu mgonjwa avuke. Kwa hiyo mtu akila, hata akisema hajisikii vibaya, usingoje aanze kutapika, usimpe maziwa ukalala. Hospitali, saa ile ile, na beba kipande cha mmea wakaone. Kule Sri Lanka na India watu wamekufa kwa kosa lile lile la mkwe wangu, kudhani ni kiazi.

Ua hili lina ndugu Ulaya, anaota kwenye malisho, mmea wa kudumu kama huyu wetu, unachanua zambarau wakati wa vuli bila jani hata moja. Huyo naye ana sumu hiyo hiyo, na wazungu nao wanachuma majani yake wakidhani ni kitunguu saumu cha porini. Kosa la jikoni ni la dunia nzima. Na ajabu ni kwamba sumu hiyo hiyo, ikipimwa kiwandani kwa kipimo kidogo mno, ni dawa ya jongo, ule ugonjwa unaovimbisha kidole gumba cha mguu. Tamil Nadu, India, wakulima wanalilima mashambani kwa ajili ya mbegu za kutengenezea dawa. Namwona mweka hazina amefungua daftari. Lifunge, mama. Kati ya dawa na kaburi hapo pana upana wa unywele, na sisi mizani yetu ni ya kupimia dagaa. Asije mtu kulichemsha kwa kiuno wala kwa uzazi, hata aambiwe na nani.

Sasa mtaniuliza, mwalimu, kama ni hivyo kwa nini tulipande? Mama wa pale nyuma ameshauliza kwa macho. Mimi nampa jibu la nyumbani kwangu. Kisu tunacho, mafuta ya taa tunayo, ziwa lenyewe liko pale na limekwisha chukua watoto wa mtaa huu. Tumefundisha. Wajukuu, mkiliona ua hili mtafanya nini?

Tunaangalia kwa macho. Tena?

Kwa macho. Na mikono?

Nyuma. Vizuri.

Basi nimebakiwa na kazi moja. Nina mbegu hapa za msimu uliopita, kutoka kwenye wavu wangu wa dagaa, wala si kilimani. Nimezitia kwenye visanduku vya kiberiti, mbegu 5 kila kisanduku, na juu nimechora fuvu kwa kalamu nyekundu. Nani nimpe? Mwenye ng'ombe au mbuzi wasiofungwa, simpi. Mwenye mtoto anayetambaa au anayetia kila kitu mdomoni, simpi, naandika jina lake na atanikuta hapa baada ya miaka mitatu. Wengine mtaviweka juu ya kabati, siyo jikoni, hadi mvua ya pili ya Oktoba. Ile ya kwanza huwa inadanganya.

Tuanze na mstari wa nyuma, maana hawa baba zetu wawili wa mbele wamekwisha nyoosha mikono.